Kiti cha Tatu: Miaka Miwili Katika Shindano la Uchoraji la Wanafunzi

Mara ya kwanza nilipoingia katika shindano la sanaa la wanafunzi wa sekondari, kazi yangu haikufika hata mbele ya majaji. Iliondolewa na waratibu waliokuwa wakikagua fomu, na barua niliyoletewa ilikuwa na sentensi mbili tu: kwamba wananishukuru kwa kushiriki, na kwamba mchoro wangu haukukubaliwa kwa sababu umenakiliwa kutoka katika picha iliyopigwa na mtu mwingine. Nilikuwa na umri wa miaka 16, na mchoro ule ulikuwa umenila wiki sita.

Ulikuwa uso wa mzee. Niliupata mtandaoni nilipokuwa nikitafuta picha yenye makunyanzi mengi, kwa kuwa wakati ule niliamini, kama wanavyoamini wanafunzi wengi wa uchoraji, kwamba makunyanzi ndiyo kipimo cha ustadi. Niliichapisha ile picha, nikaigawa kwa rula katika miraba ya sentimita moja, nikachora miraba mikubwa zaidi kwenye karatasi yangu, kisha nikahamisha mraba mmoja baada ya mwingine kwa penseli, kuanzia HB, ya weusi wa wastani, kwenye paji la uso hadi 6B, iliyo laini na nyeusi zaidi, ndani ya tundu za pua. Mbinu ya miraba ni ya kale na haina aibu yoyote. Wachoraji wa Ulaya waliitumia kwa karne nyingi kukuza michoro midogo kuwa picha kubwa za ukutani. Ila wao walikuwa wakikuza michoro yao wenyewe.

Kila aliyeuona alisema unafanana kabisa na picha ya kamera, nami niliipokea sifa hiyo bila kujiuliza kama kweli ilikuwa sifa.

Mwalimu wangu wa sanaa hakunipa pole barua ilipofika. Aliutandaza mchoro juu ya meza, akauinamia kwa muda, kisha akaniuliza, "Huyu mzee anaitwa nani?" Sikujua. "Sikio lake la pili likoje?" Halikuonekana katika picha, kwa hiyo sikujua. "Mwanga ulikuwa ukitoka wapi?" Hilo nilidhani nalijua, nikaonyesha upande wa kushoto. Akaweka ncha ya penseli yake kwenye mboni ya jicho, ambapo nilikuwa nimeacha kwa uaminifu mkubwa vidoa viwili vyeupe, kimoja kila upande. Vilikuwa taa mbili. Nilikuwa nimevichora kwa saa nzima, nikivizunguka kwa ncha kali ili visichafuke, na hata siku moja sikujiuliza vilikuwa nini.

"Umekaa naye wiki sita," akasema, "na humjui."

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na hoja zake. Nilisema kwamba penseli si kamera, kwamba kila mstari ulitoka mkononi mwangu, na kwamba mwenye picha hakupoteza chochote. Hoja za namna hiyo huwa tamu kwa anayezitoa, lakini hazisimami. Picha ni mali ya aliyeipiga: ndiye aliyechagua pa kusimama, wakati wa kubonyeza, upande wa kuweka taa na mahali pa kukatia kingo, na maamuzi hayo yote niliyachukua kama yalivyo. Kilichokuwa changu ni uvumilivu. Mashindano mengi ya wanafunzi huwa na kifungu kinachokataza kunakili picha zilizokwisha kuchapishwa, mengine yakiruhusu picha aliyoipiga mshiriki mwenyewe, au ya mtu mwingine aliyetoa idhini kwa maandishi. Kifungu hicho kilikuwapo katika fomu yangu, ukurasa wa pili, na sahihi yangu ilikuwa chini yake. Nilitia sahihi bila kusoma kwa sababu nilidhani kanuni huandikwa kwa ajili ya watu wenye nia mbaya.

Watu wenye huruma walinisimulia habari za wachoraji wa Paris waliokataliwa na majaji wa Saloni, maonyesho rasmi ya sanaa ya Ufaransa, mwaka 1863, akiwamo Édouard Manet, hata Kaizari Napoleon III wa nchi hiyo akaamuru kazi zilizokataliwa zionyeshwe kando ili umma ujiamulie. Ni kisa kizuri, nami nakipenda, ila hakikunihusu. Wengi wa wale tunaowakumbuka walikataliwa kwa sababu kazi zao hazikufanana na yale ambayo majaji walizoea kuyaona. Mimi nilikataliwa kwa sababu kazi yangu ilifanana mno na kitu kimoja.

Kilichonihusu ni kitabu ambacho Mwalimu alikifungua wiki iliyofuata. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa mkaa ambao msanii Mjerumani Albrecht Dürer alimchora mama yake, Barbara, mnamo Machi 1514, kwenye karatasi isiyopishana sana na A3 ya siku hizi. Mashavu yamebonyea, mishipa ya shingo imetokeza kama kamba, na macho yake mawili hayatazami mahali pamoja. Juu ya karatasi mwanawe aliandika kwamba huyu ni mama yake Albrecht Dürer na kwamba ana umri wa miaka 63. Mama alipofariki Mei ya mwaka huohuo, akairudia karatasi ileile akaongeza siku na saa ya kufariki kwake. Nilimtazama mama yule kwa muda mrefu. Makunyanzi yalikuwamo, lakini hayakuwa pambo. Mimi sikulijua hata jina la mzee wangu, na Dürer aliijua mpaka saa ya kufa kwa mama yake.

Mwaka uliofuata nilianza na kanuni. Nilizinakili zote kwa mkono katika daftari, kunakili ambako hakukukatazwa. Mchoro uwe wa mshiriki mwenyewe kuanzia wazo hadi utekelezaji. Ukubwa, pamoja na kadi ya ukingo inayouzunguka mchoro, usizidi sentimita 50 kwa 70. Jina lisionekane upande wa mbele, kwa kuwa majaji wangeamua kwa namba tu. Duru ya kwanza iwe ya picha ya mchoro itakayotumwa kwa mtandao, na watakaochaguliwa walete kazi yenyewe. Maelezo ya msanii yasizidi maneno 100. Mada ilikuwa neno moja: "Kinachobaki".

Nilinung'unika kwamba vipimo na mada vinambana msanii. Mwalimu alinijibu kwa habari za mlango. Mwaka 1401 mjini Florence walishindanishwa wachongaji saba kwa ajili ya milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo, kila mmoja akapewa mwaka mmoja kutengeneza bamba la umbo lilelile, lenye kisa kilekile cha Ibrahimu akitaka kumtoa mwanawe Isaka kuwa sadaka. Mabamba mawili yamebaki hadi leo, la Lorenzo Ghiberti aliyeshinda na la Filippo Brunelleschi, nayo yako katika jumba moja la makumbusho mjini humo. Katika la Brunelleschi malaika anaukamata mkono wa Ibrahimu kisu kikiwa tayari kooni. Katika la Ghiberti malaika bado yuko hewani, na kisu hakijafika. Kisa ni kimoja, umbo ni moja, na hakuna anayeweza kudhani kwamba mabamba hayo yametoka katika kichwa kimoja. Mwalimu akaongeza, kwa kuwa alipenda mambo ya aina hiyo, kwamba Ghiberti aliyeyusha bamba lake karibu lote kwa pamoja na akatumia shaba pungufu, na kwamba wafanyabiashara waliokuwa wakigharimia milango hawakosi kulitazama hilo pia.

Mada ilinisumbua zaidi kuliko vipimo. Niliagizwa niorodheshe mawazo 20 kisha nifute kumi ya kwanza bila kuyasoma tena. Nililalamika, nikafuta: kaburi, kiatu kimoja, mti mkavu, picha iliyochanika, mshumaa uliozimika na mengine ya jamaa hiyo. Yalikuwa mawazo ya kila mtu, na baadaye, kazi zilipotundikwa ukumbini, nilikutana nayo karibu yote, mengine mara tatu. Wazo la 17, nililoliandika kwa uchovu tu kwa sababu ndilo lililokuwa mbele yangu, lilikuwa viti.

Kila jioni, baada ya vipindi, viti vya chumba chetu cha sanaa vilipinduliwa na kupandishwa juu ya meza ili sakafu ifagiliwe. Miguu ilielekea juu. Jua la jioni lilipoingia kwa madirisha ya upande wa magharibi, vivuli vya miguu ile vilivuka sakafu na kupanda ukutani, na chumba ambacho saa moja kabla kilikuwa na wanafunzi 40 wenye kelele kikawa kama shamba la vijiti. Nilichagua meza moja yenye viti vinne, yaani miguu 16, nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu viti vyote vilikuwa juu.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za aibu. Nilikuwa nikichora kiti ninachokijua, chenye miguu minne iliyo sawasawa, na kila nilichokiweka kwenye karatasi kiligoma kusimama pamoja na jirani yake. Mwalimu alinikataza kuchora miguu. Aliniambia nichore nafasi iliyo kati ya mguu na mguu, kipande cha ukuta kinachoonekana hapo katikati, kwa kuwa kipande hicho hakina jina na jicho halina mazoea nacho. Ushauri huo ni wa kawaida katika madarasa ya uchoraji, na nilikuwa nimeusikia mara nyingi bila kuufuata. Nilipoufuata, vikatokea vipande vya ajabu: pembetatu nyembamba iliyolala, pembenne lenye upande mmoja mfupi, kipande kirefu kama ulimi. Niliviweka kimoja pembeni mwa kingine, na baada ya nusu saa miguu ikawa imejitokeza yenyewe katikati yao bila mimi kuichora.

Mwanga ulikuwa na shida ya aina yake. Jua huhama nyuzi 15 kwa saa, na kwa mchoraji aliyezoea picha iliyosimama hiyo ni mbio. Kivuli nilichokianza kwenye ufa wa sakafu kilikuwa kimeuvuka kabla sijachonga mkaa mwingine. Nilijifunza kwamba nina dakika 25 hivi kila siku ambazo vivuli vinafanana vya kutosha na vya jana, na kwamba muda unaobaki ni wa mambo yasiyotegemea jua: umbo, unene wa bomba, misumari chini ya ubao wa kukalia. Siku ya nne nilichukua chaki nikaweka alama sakafuni pale vilipoishia vivuli, na tangu hapo nikawa nawahi kuketi kabla havijafika kwenye alama, nikivisubiri. Hata hivyo, kwa kadiri wiki zilivyokwenda, vivuli vikaanza kufika kwenye chaki katika saa nyingine na kwa mshazari mwingine. Ilinibidi niamue ni siku ipi ndiyo siku ya mchoro. Nilichagua siku ya nne, nikawa naangalia vivuli vya siku nyingine kwa kujifunza tu, bila kuvihamisha.

Mama aliyekuwa akisafisha madarasa yetu alikuwa na haki zote za kuniona kero. Mimi ndiye niliyemchafulia sakafu kwa chaki na kwa vumbi la mkaa. Tena, viti alivyovipandisha Jumatatu havikukaa vilivyokaa Jumanne, na hilo lilikuwa likiniharibia kazi kila siku. Nilimwendea nikamwomba.

"Samahani, mama, naomba meza hii uniachie viti vyake hivi hivi, nimeviwekea alama."

"Vya meza moja tu?"

"Vya meza moja tu, mama. Mpaka mwisho wa mwezi."

Alikubali, na kuanzia hapo alivipandisha yeye mwenyewe kwa kufuata alama zangu za chaki, kwa uangalifu ambao mimi nisingeuweza. Siku ya 11 alisimama nyuma yangu na fagio lake. Nilikuwa nimefika mahali pazuri. Viti vitatu vilikuwa vimekamilika na nilikuwa najivunia hasa cha tatu, kilichotazamana na dirisha. Alitazama karatasi, akatazama meza, akarudi kwenye karatasi.

"Mwanangu, hiki si chenyewe."

"Kivipi, mama?"

"Hiki kimoja mguu wake umepinda. Huu wa nyuma. Mimi nakijua, nikikibeba kinanigusa hapa," akasema, akijigusa juu kidogo ya goti.

Niliinuka kwenye ndoo. Mguu ulikuwa umepinda kweli, si kidogo, ukielekea nje kama kidole cha mtu anayeonyesha njia. Nilikuwa nimeutazama kwa siku 11 na kuunyoosha siku zote 11. Nafasi niliyoichora kati yake na mguu wa jirani haikuwa nafasi iliyokuwapo; ilikuwa nafasi ambayo ingekuwapo kama kiti kingekuwa kizima. Ndipo nilipoelewa kwamba kunakili hakuhitaji picha ya mtandaoni. Unaweza kuketi mbele ya kitu chenyewe, kwa mwanga wake, kwa wiki mbili, na bado ukawa unanakili kiti ulichokuja nacho kichwani.

Kuufuta mguu ule kulinichukua jioni nzima. Mkaa wa kuchorea uko wa aina mbili kuu, na nilikuwa nimezitumia zote mbili mahali pamoja. Ule wa vijiti, ambao ni matawi membamba yaliyochomwa katika chombo kilichofungwa ili hewa isiingie, hupanguswa hata kwa kitambaa. Ule wa unga uliogandamizwa pamoja na kitu cha kuushikisha huwa mweusi zaidi lakini hung'ang'ania nyuzi za karatasi. Mguu wangu ulionyooka ulikuwa wa unga. Nilitumia kifutio laini, kile kinachofinyangwa kama udongo, nikawa nakibandika na kukibandua bila kusugua, maana kusugua kungeisukuma ile nyeusi ndani zaidi na kuivuruga karatasi. Kivuli chepesi cha mguu wa zamani hakikutoka chote. Ukisogea karibu hadi leo unauona, umesimama wima ndani ya ukuta kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Mimi ni mashoto, na hilo pia liliniletea gharama, kwa sababu nilizoea kuanza kazi upande wa kushoto kama nianzavyo kuandika, kisha kiganja kikapita juu ya nilichokwisha kukichora. Nusu ya kiti cha kwanza iliishia kwenye mkono wangu wa shati. Tangu hapo nafanya kazi kutoka kulia kwenda kushoto, na chini ya kiganja naweka kipande cha karatasi safi nisichokiburuta bali nakiinua na kukishusha. Kuhusu dawa ya kunyunyizia ili mkaa ushike, nitasema tu kwamba niliijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine, nikaipuliza kwa karibu mno ikatiririka matone, na kwa mchoro wenyewe nikasogea nyuma umbali wa mkono, nje ya chumba, nikapuliza tabaka nyembamba mara tatu.

Hesabu ya ukingo ndiyo karibu initoe mashindanoni kwa mara ya pili. Karatasi ya A2 ni sentimita 42 kwa 59.4, kwa hiyo niliiona iko salama mbali na kikomo cha 50 kwa 70, nikaikatia kadi nyeupe yenye upana wa sentimita tano kila upande. Urefu ulikuwa 69.4, sawa. Upana ulikuwa 52. Niligundua usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, nilipokuwa nikipima kwa kujifurahisha tu. Sentimita mbili ni upana wa kidole gumba, na zingetosha kunirudishia barua nyingine ya sentensi mbili. Nilipunguza sentimita moja kila upande kwa kisu na rula ya chuma, mikono ikitetemeka, na kingo za kushoto na kulia zikawa nyembamba kuliko za juu na chini. Sikuwa na kadi nyingine.

Kabla ya hapo kulikuwa na duru ya picha. Picha yangu ya kwanza niliipiga usiku chini ya balbu, simu ikiwa imeinama kidogo, na mchoro ukatoka wa rangi ya chai, mpana chini na mwembamba juu, viti vyangu vikionekana kama vinaporomoka. Niliirudia mchana, kivulini, mchoro ukiwa umesimamishwa wima ukutani na simu ikiwa sawa na katikati yake. Mkaa una faida hapa kwa kuwa haung'ai. Penseli iliyokolezwa hung'aa kama bati, na mwenzangu aliyechora kwa 8B alilazimika kuipiga yake mara nyingi kabla weusi haujaacha kuonekana wa kijivu. Ninaona ajabu kwamba wanafunzi hutumia mwezi mzima kwenye mchoro na dakika mbili kwenye picha yake, wakati majaji wa duru ya kwanza hawana kingine cha kutazama.

Maelezo ya msanii niliyaandika mara nne. Ya kwanza yalizungumzia upweke wa mwanadamu, kutokuwapo kunakozungumza, na kimya kama lugha. Mwalimu alipitisha mstari mwekundu juu ya yote na kuandika pembeni, "Uliketi wapi?" Niliyopeleka mwishowe yalikuwa na maneno 41. Yalisema kwamba hivi ni viti vya chumba chetu cha sanaa, kwamba nilivichora kwa siku 19 kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni baada ya wanafunzi kuondoka, na kwamba mama anayefagia chumba hicho ndiye aliyenionyesha mguu uliopinda wa kiti cha tatu.

Nilichaguliwa katika duru ya kwanza. Siku ya maonyesho nilifika mapema, nikajifanya natazama kazi za wengine huku nikitazama wanaotazama yangu. Wengi hupita. Mtu hupunguza mwendo, shingo inageuka, hesabu inafanyika ndani ya macho, kisha anaendelea. Baadhi walisimama, na waliosimama walisimama mbali, hatua tano au sita nyuma, mahali ambapo mimi sikuwahi kusimama hata mara moja wakati wa kuchora. Nilikwenda nikasimama pale. Kwa mbali kiti cha nne, nilichokimaliza kwa haraka siku ya mwisho, kilikuwa chepesi kuliko vyenzake kana kwamba kimetengenezwa kwa karatasi. Ningekiona siku ya kumi kama ningerudi nyuma hatua tano.

Kazi iliyoshinda ilitundikwa mwisho wa ukumbi. Ilikuwa mchoro wa ukuta mtupu uliofifia kwa miaka, na katikati yake mstatili mmoja wenye rangi iliyokolea zaidi, pale palipokuwa pametundikwa kitu kilichokwisha kuondolewa. Palikuwa na msumari. Hapakuwa na kingine chochote. Ulikuwa mchoro bora kuliko wangu, na nililijua hilo kabla sijamaliza kuvuka ukumbi. Wivu niliouona ulikuwa wa aina inayomfanya mtu arudi nyumbani akachore.

Nilishika nafasi ya nne, yenye cheti na isiyo na zawadi. Wiki mbili baadaye mchoro ulirudishwa, kona moja ya kadi ikiwa imebonyea, pamoja na karatasi za maoni ya majaji watatu. Wa kwanza aliandika kwamba kazi ina utulivu. Wa pili alisifu vivuli na kusema, kwa haki kabisa, kwamba kiti cha upande wa kulia, kile cha nne, hakina uzito. Wa tatu aliandika kwa hati nzuri iliyonyooka: "Ustadi unaridhisha. Mtazamo wa mguu wa nyuma wa kiti cha tatu umekosewa. Mwanafunzi ajizoeze kuchora vitu kama vilivyo." Ni wazi kwamba hakuwa amefika kwenye neno la 41 la maelezo yangu. Mwalimu alicheka hadi akaketi.

Jioni niliichukua karatasi ile nikampelekea mama katika chumba cha sanaa, nikamsomea. Aliniomba nirudie sentensi ya mwisho. Kisha akaegemeza fagio ukutani, akakishusha kiti cha tatu kutoka mezani, akakipindua na kukisimamisha sakafuni katikati yetu, akakigusa mgongo kwa kidole kimoja. Kiti kikayumba mbele, kikarudi nyuma, kikayumba tena.

"Mwambie aje akikalie," akasema, akachukua fagio lake.